Deskitopu ya mtumba, Raspberry Pi au vipuri vipya: mtoto aanzie wapi kuunda kompyuta?

Mzazi akiuliza amnunulie nini mtoto anayetaka kujua kompyuta inavyoundwa, jibu la haraka siku hizi ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja. Si jibu baya, ila linajibu swali jingine. Raspberry Pi humfundisha mtoto kuiamrisha kompyuta. Kazi ya kuiunda imeshamalizwa kiwandani. Kama unachotaka ni mtoto ashike RAM (kipande cha kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kwa mkono wake, akosee, afungue tena na arudishe, basi kitu cha kukifikiria kwanza ni lile kasha kubwa la Dell au HP lililotumika ofisi fulani ya Ulaya, ambalo sasa limepangwa juu ya wenzake Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa walioko Nairobi.

Hapa nalinganisha njia tatu ambazo mzazi wa huku kwetu anaweza kuzifikia kweli: deskitopu ya mtumba, Raspberry Pi, na kununua vipuri vipya kimoja kimoja. Nitagusa pia vifaa vidogo kama micro:bit, ubao wa kujifunzia programu, kwa kuwa watu huvichanganya na hivi. Kipimo ninachokiweka mbele ni hiki: mtoto anaweza kukifungua kifaa na kukifunga mara ngapi kabla mzazi hajaanza kumpokonya bisibisi? Bei, umeme na nafasi vinafuata baada ya hapo.

Deskitopu ya mtumba

Sokoni kasha zima huitwa "CPU", kwa hiyo ukitaka deskitopu bila skrini sema hivyohivyo, utaeleweka. Utakazokutana nazo sana ni Dell OptiPlex, HP Compaq Elite na EliteDesk, na Lenovo ThinkCentre. Ni mashine za maofisini, na ziliundwa ili fundi wa ofisi azifungue upesi akiwa na nyingine kumi zinamsubiri. Kwenye OptiPlex nyingi unavuta kitasa, ubavu unatoka bila kugusa skrubu. Hadidiski, inayotunza mafaili, imelala kwenye kishikizo cha plastiki ya bluu. Unabana pande mbili, inachomoka. Mtoto wa miaka tisa anaimudu kazi hiyo akielekezwa mara moja.

Chukua lile kasha la kusimama, lenye umbo la mnara. Yale membamba yanavutia kwa kuwa hayali nafasi, lakini ndani vitu vimebebana: ili uione RAM inabidi kwanza uondoe kisomeo cha DVD, na mkono wa mtu mzima hauingii vizuri. Mtoto atachoka kabla hajaona kitu.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliangalii ni pawa saplai, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kasha. OptiPlex 7010 (ya 2012, usiichanganye na ya 2023 ambayo Dell waliipa jina hilohilo) ile ya mnara ina plagi ya pini 24 inayoingia kwenye mazabodi (ubao mkuu unaobeba vipuri vingine), sawa na inayotumika kwenye kompyuta ambazo watu huziunda wenyewe. Mwenzake aliyemfuata, 9020, ana plagi ya pini 8 ya Dell peke yao. Siku pawa saplai ya 9020 ikifa huwezi kuchukua ya kawaida dukani ukachomeka. Utahangaika kutafuta ya kwake au adapta. Kwa mtoto anayejifunza, anachokizoea kwenye ya pini 24 atakikuta tena atakapokuja kuunda mashine yake.

Ukiwa hapo nyuma ya kasha, tazama kama pawa saplai ina swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Nyingi za miaka ya karibuni hazina, zinajirekebisha zenyewe. Lakini mashine ya zamani iliyotoka Marekani inaweza kuwa imeachwa kwenye 115, na ukiichomeka hivyo kwenye umeme wetu wa volti 230 utasikia mlipuko kisha harufu ya kuungua. Swichi hiyo aikague mzazi mwenyewe kabla mashine haijaingia ndani ya nyumba.

Kwenye kununua, usikubali mbuzi kwenye gunia. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, na asiishie kukuonyesha nembo ya Dell. Ingia kwenye BIOS, ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows: Dell ni kitufe cha F2, HP ni F10, Lenovo F1. Hapo utaona RAM ni kiasi gani, prosesa (ubongo wa kompyuta) ni ipi, na kama mashine imefungwa kwa nenosiri la ofisi ilikotoka. Yenye nenosiri iache, kwa sababu mtoto atakwama kila anapotaka kubadilisha kitu. Kisha omba ubavu ufunguliwe. Vile vimkebe vya duara vilivyosimama kwenye mazabodi ni kapasita. Kama kuna chenye kichwa kilichovimba badala ya kuwa bapa, mshukuru muuzaji uende duka la pili.

Utaambiwa pia, "Hii tumeshaiweka Windows 11, mama, haina shida." Inawezekana imewekwa kweli, kwa njia za panya. Microsoft walimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yao inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele pamoja na TPM 2.0, kijenzi cha usalama. OptiPlex 7010 ya 2012 ni ya kizazi cha 3. Kwa mtu anayetaka mashine ya kazi hilo ni doa, na muuzaji anajua, kwa hiyo lisemee kwenye bei. Kwa somo letu halina uzito: weka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure badala ya Windows, kwenye flashi, mtoto aisakinishe mwenyewe. Mashine yenye RAM ya GB 4 inaibeba bila kulalamika.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo kasha la mtumba linapowaacha wenzake mbali.

Siku ya kwanza msiunde chochote. Ondoeni kitu kimoja tu. Zima, chomoa waya ukutani, kisha mwambie mtoto abonyeze kitufe cha kuwashia wakati waya umechomolewa. Mara nyingine feni hutikisika kidogo na kutulia: ni umeme uliokuwa umebaki ndani. Hapo hapo ameelewa kwa nini hatukimbilii kuingiza mkono. Aguse chuma cha kasha, kisha mwonyeshe RAM na vile vishikio viwili kwenye ncha zake. Avisukume nje kwa vidole gumba vyote viwili kwa wakati mmoja; RAM itainuka yenyewe. Chomekeni waya, washeni.

Kwenye HP Compaq za miaka hiyo, taa ya kuwashia inageuka nyekundu na kumweka mara tano, na spika ya ndani inalia mara tano, inanyamaza, inaanza upya. Skrini ni nyeusi tii. Mtoto atauliza, "Baba, mbona inalia?" na jibu ni kwamba inataja inachoumwa: tano maana yake sina RAM. (Dell wa OptiPlex hutumia taa zaidi kuliko mlio, kwa hiyo tamthilia inapungua, lakini somo ni lilelile.) Zimeni, arudishe RAM. Atalazimika kuikandamiza kwa nguvu kuliko anavyodhani ni salama, mpaka vishikio vijifunge kwa mlio. Washeni tena, nembo inatokea. Seti za elimu zinazouzwa kwa bei ya deskitopu mbili hazina kipindi kinacholingana na hicho, kwa maoni yangu.

Wiki nyingine, mpe kipande kilichokufa cha RAM ya DDR4, aina mpya zaidi, ajaribu kukiweka kwenye mashine ya DDR3, aina iliyoitangulia. Hakiingii. Pengo lililo chini ya kipande liko mahali tofauti, na pini ni 288 badala ya 240. Asilazimishe, atafute tofauti kwa macho. Mafundi wetu wana ujanja wao wa kusugua meno ya RAM kwa ufutio wa penseli pale mashine inapogoma kuwaka. Mfundishe na huo, kwa sababu kweli mara nyingi ni uchafu tu kwenye meno.

Baada ya hapo ni hadidiski kutolewa na SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka, kuingia mahali pake. Hili fanyeni mashine ikiwa tayari imeshatumika wiki kadhaa na hadidiski ya zamani, ili mtoto asikie kwa masikio yake ule mkwaruzo ukipotea na aone skrini ikifika mapema. Halafu betri ya saa, ile ya duara ya CR2032 yenye volti 3: aitoe, arudishe, aone saa na tarehe zimepotea, azipange upya kwenye BIOS. Kila zoezi halizidi nusu saa, na ukiacha bei ya SSD, hakuna linalogharimu kitu.

Hadidiski iliyotolewa, kama imekufa, usiitupe. Ifungueni. Skrubu zake ni za nyota, kwa kawaida namba T8, na moja hujificha chini ya stika. Ndani kuna sahani zinazong'aa kama kioo na sumaku mbili zenye nguvu ya kubana kidole mpaka mtoto alie, kwa hiyo hizo atoe mtu mzima. Ya kompyuta ya mezani mara nyingi sahani zake ni za alumini. Za laptopu huwa za kioo na zikikunjwa hupasuka vipande. Fungueni ile kubwa.

Kuna sehemu mbili ninazomzuia mtoto. Ya kwanza ni pawa saplai: haifunguliwi, hata ikiwa imechomolewa tangu jana, kwa sababu kapasita zake hubaki na umeme. Anaichomoa nzima na kuirudisha nzima, basi. Ya pili ni soketi ya prosesa. Kwenye Intel za aina hii pini ziko upande wa mazabodi, 1,155 kwa OptiPlex 7010 (ndiyo maana soketi inaitwa LGA 1155), na moja ikipinda mashine inaweza isiwake kabisa. Prosesa aitoe akiwa ameshazoea kila kitu kingine, mzazi akiwa pembeni, na baada ya kutoka hakuna kidole kinachoingia kwenye soketi. Kabla ya kurudisha hitisinki, kile chuma cha kupoza prosesa, afute pesti ya zamani inayopitisha joto kati yao, aweke mpya kidogo tu katikati.

Umeme tuli unatajwa sana kwenye video za wazungu. Kwa Dar na Mombasa, kwenye joto lenye unyevu, si tishio kubwa. Kugusa chuma cha kasha kila baada ya muda kunatosha. Njombe au Nairobi wakati wa ukavu, ukiwa umevaa sweta la sufi juu ya zulia, uwe makini zaidi.

Ubaya wa deskitopu ya mtumba haufichiki. Ni nzito, ina kelele, inakula umeme, na ukijumlisha monita unazungumzia makumi ya wati. Kwenye nyumba ya sola ndogo haifai. Inakuja na vumbi la miaka kumi, lipulizeni nje ya nyumba huku feni imeshikwa isizunguke. Haina kitabu cha maelekezo cha mtoto, kwa hiyo lazima mtu mzima akae naye. Ukiwa mzazi usiye na muda wala fundi wa kukusaidia, kasha litageuka kuwa meza ya kuwekea vitu.

Raspberry Pi

Hii ilizaliwa Cambridge, Uingereza. Eben Upton na wenzake waliona vijana wanaoomba kusomea sayansi ya kompyuta pale Chuo Kikuu cha Cambridge wanapungua, na wanaokuja hawajawahi kuichokonoa mashine kama watoto wa miaka ya themanini. Wakaunda kompyuta ya ubao mmoja, ndogo kama kadi ya benki, wakaianza kuuza tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35. Siku hiyo tovuti za wauzaji zililemewa.

Kwa hiyo tangu mwanzo lengo lilikuwa programu, na hapo haina mpinzani. Ukiiwekea Raspberry Pi OS, mfumo endeshi wake, toleo kamili, basi Scratch (programu ya vitalu vya kupanga) na Python (lugha ya kuandika) ziko tayari. Pembeni kuna pini 40 ambazo mtoto anaunganisha taa ya LED, kitufe, kipima joto, kisha anaandika mistari michache na taa inawaka kwa amri yake. Deskitopu haina kitu cha namna hiyo. Inakula wati zisizofika kumi kwa kazi za kawaida, inaingia mfukoni, na skrini yake inaweza kuwa televisheni ya sebuleni, mradi watu wa tamthilia ya saa tatu usiku wakubali.

Kuunda je? Unachomeka kadi ya memori, kebo ya skrini, kibodi, na umeme. Dakika tano. RAM imechomelewa kwenye ubao, prosesa vilevile. Hakuna cha kuongeza wala kubadilisha. Pi 400 ya 2020 na Pi 500 ya 2024 zimekuja ndani ya kibodi kabisa, jambo zuri kwa darasa, ila kwa anayetaka kuona tumbo la kompyuta ni kurudi nyuma. Kampuni ya Kano ya London ilijaribu kuziba pengo hilo: mwaka 2013 ilichangisha zaidi ya dola milioni 1 kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa, kwa seti yenye Pi, kibodi ya rangi ya chungwa na kitabu cha hadithi kinachomwongoza mtoto hatua kwa hatua. Ilipendeza sana. Ukiikuta ya mtumba, ndani ni Pi ya kawaida. Weka Raspberry Pi OS uendelee. Hata hivyo mtoto wa Kano alikuwa anaunganisha vipande vichache sana, na akishamaliza hapakuwa na sababu ya kuvitenganisha tena.

Bei ya ubao isikudanganye. Utahitaji chaja yake, kadi, kasha, kebo, na kibodi na mausi kama huna. Pi 4 na Pi 5 zina tundu la HDMI ndogo sana, kwa hiyo kebo uliyo nayo nyumbani haitaingia bila adapta. Chaja nayo ni ugomvi: Pi 4 inataka ampea 3, Pi 5 inataka 5 ili itoe nguvu zake zote, na chaja ya simu ya barabarani haifiki huko. Ukiona alama ya radi juu kulia kwenye skrini, umeme hautoshi. Hapo mashine itajizima au itakwama, na mtoto atadhani ni kosa lake. Ukijumlisha vyote, hapa kwetu unaweza kujikuta umefikia bei ya OptiPlex kamili au umeipita.

Halafu kuna umeme wetu. Ukikatika ghafla wakati Pi inaandika kwenye kadi, kadi inaweza kuharibika na kila kitu kikaanza upya. Deskitopu nayo haipendi kukatikiwa, lakini Pi inayoishi kwenye kadi ya memori huumia upesi zaidi. Tengeneza nakala ya kadi, au nunua kadi mbili.

Tahadhari moja ya mikono: kwenye zile pini 40, pini ya 1 ni volti 3.3 na jirani yake, ya 2, ni volti 5. Pini za kupokea ishara hazivumilii volti 5. Waya mmoja ukihama nafasi moja, ubao unaweza kufa, na ukifa hakuna kipande cha kubadilisha. Kwenye deskitopu RAM ikiungua unanunua RAM.

Vipuri vipya

Hii ndiyo njia ya vijana wanaotazama video za kompyuta za gemu zenye feni za taa. Unachagua mazabodi, prosesa, RAM, SSD, pawa saplai na kasha, vyote vipya, halafu mnakaa chini kuunganisha. Kuna somo hapa ambalo deskitopu ya mtumba haiwezi kulitoa: kuchagua vitu vinavyoelewana. Kijana anapaswa kujua kwamba prosesa ya AMD iitwayo Ryzen 5 5600G inakaa kwenye soketi ya AM4 na RAM ya DDR4, kwamba ina sehemu ya kutoa picha ndani yake kwa hiyo kadi ya picha inaweza kusubiri, na kwamba kasha linapaswa kutosha mazabodi. Mpe daftari aandike orodha na bei za maduka matatu kabla hujatoa hata shilingi. Zoezi hilo la daftari, hata lisipofika dukani, lina thamani kubwa kuliko watu wanavyolipa sifa.

Tatizo ni kwamba mashine ikiwa ghali, mkono wa baba unaingia. Nimeona mara nyingi: mtoto ameshika tochi, mtu mzima ndiye anayeunda. Hakuna wa kumlaumu, prosesa mpya inatisha. Kwenye AM4 pini ziko chini ya prosesa, na siku ya kuondoa hitisinki pesti iliyokauka inaweza kuing'oa prosesa pamoja nayo. Unapaswa kuiwasha kwanza ipate joto, uzime, kisha uizungushe kidogo kabla ya kuvuta. Mtoto wa miaka kumi hana subira hiyo.

Na wakati wenyewe si rafiki. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda sana duniani kwa sababu viwanda vimeelekeza nguvu kwenye mahitaji ya vituo vya data vya akili unde. Ukiagiza nje ongeza usafiri na VAT, ambayo Tanzania Bara kwa kawaida ni asilimia 18. Kwa mtoto anayejaribu tu kama anapenda kazi hii, ni pesa nyingi mno. Kwa kijana wa miaka 14 aliyeshaifungua na kuifunga deskitopu mpaka amechoka nayo, na ambaye amechangia hata kidogo kutoka mfukoni mwake, sasa inakuwa na maana.

micro:bit, Arduino na laptopu mfu

BBC walianza kuwagawia wanafunzi wa miaka 11 na 12 wa Uingereza micro:bit mwaka 2016, karibu vipande milioni 1. Ni ubao mdogo wenye vitaa 25 na vitufe viwili, unaendeshwa kwa betri mbili za AAA. Arduino ni ndugu yake wa Kiitaliano, wa 2005. Zote nzuri sana kwa mtoto wa miaka saba au nane anayetaka kuona kitu kinawaka leo leo, lakini hazifundishi kompyuta inavyoundwa, kwa hiyo siziweki kwenye mizani hii.

Laptopu iliyokufa kabatini nayo hushawishi kwa kuwa ni ya bure. Inafaa kubomolewa, haifai kuundwa upya: skrubu ni ndogo, za urefu tofauti, na kebo zake bapa hukatika. Ukiifungua, betri itoke kwanza, na kama imevimba msiiguse.

Basi nani achukue nini

Mtoto wa miaka 8 hadi 13, nyumba yenye umeme wa uhakika kiasi na mtu mzima anayeweza kukaa naye Jumamosi: deskitopu ya mtumba, bila kuumiza kichwa. Wawe wawili watatu ni bora zaidi, ila angalia nani ameshika bisibisi. Kaka mkubwa ataing'ang'ania na dada ataachiwa kushika skrubu. Pangeni zamu, kila mmoja na kipuri chake.

Nyumba ya sola, chumba kimoja, au mtoto ambaye tayari anacheza na Scratch kwenye simu ya mama: Raspberry Pi, na ukubali kwamba unanunua somo la programu na umeme mdogo. Klabu ya shule ni hesabu nyingine. Kasha moja linatosha watoto wanne kuzunguka, wa tano haoni kitu. Makasha matatu ya mtumba, hata moja likiwa limekufa la kubomolewa, yatafanya kazi nzuri kuliko Pi kumi ambazo zitahitaji skrini kumi.

Kama uwezo upo wa kununua vyote kwa awamu, anza na kasha, mwaka unaofuata ongeza Pi, na monita, kibodi na mausi vitumike kwa zote. Hapo tu kuna mtego mmoja: OptiPlex 7010 inatoa picha kwa matundu ya VGA na DisplayPort, Pi inatoa kwa tundu la HDMI. Monita nyingi za mtumba za bei ya chini zina VGA peke yake, na kebo ya kawaida haiwezi kugeuza HDMI kuwa VGA, inataka kigeuzi chenye saketi ndani. Kwa hiyo siku unanunua kasha, geuza monita utazame mgongo wake kabla ya kulipa: iwe na tundu la VGA na la HDMI pamoja, hata kama itakubidi uongeze kidogo.